GARI LA KIKUNDI LINAPOCHOKA NJIANI



Katika kuzunguka kwetu kwenye vikundi vya kisiwani, Likoni, Changamwe na Jomvu, hatujaona mradi unaozaa maneno mengi kama gari. Kuku wakifa, watu husikitika siku mbili wakanunua wengine. Cherehani ikikwama hupelekwa kwa fundi, mambo yakaisha. Lakini pikapu kuukuu ya dizeli, ambayo leo inapanda mlima vizuri na kesho haivuti, inaweza kumaliza akiba ya kikundi na urafiki pia. Kwa hiyo somo la toleo hili ni juu ya ugonjwa mmoja tu: gari la dizeli kukosa nguvu kwa vipindi, mara lina nguvu, mara halina.

Tunazungumzia magari ya zamani, kama Peugeot 504 pikapu, Toyota Hilux na Hiace za miaka ya 1980 na 1990, na Isuzu na Nissan za rika hilo. Mengi ya magari haya hayana kompyuta. Hiyo ni bahati, kwa sababu mengi ndani yake yanaweza kuchunguzwa kwa macho, masikio, chupa moja ya kioo na daftari la shule.

Daftari kabla ya spea

Ugonjwa unaokuja na kwenda unamsumbua fundi yeyote, hata aliye hodari. Unampelekea gari Majengo saa nne asubuhi, analiwasha, linanguruma vizuri. Analizungusha mtaani, linakwenda. Sasa yeye afanye nini? Atakisia. Na fundi anapokisia, anayelipa ni kikundi: leo filta, wiki ijayo nozeli, mwezi ujao pampu.

Lakini kinachokuja na kwenda hakiji ovyo ovyo. Kuna kinachokileta. Pengine ni joto, pengine mzigo, pengine mtikisiko wa barabara, pengine kiasi cha mafuta kilichomo tangini. Kujua ni kipi, hapo ndipo ilipo nusu ya matibabu, na anayeweza kujua si fundi aliyeliona gari kwa robo saa. Ni dereva, na wale wanaopanda naye kila siku.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kikundi kiwe na daftari ndani ya gari. Kila linapochoka, dereva au utingo aandike papo hapo: saa ngapi, mahali gani, tumekwenda muda gani tangu kuwasha, mzigo upo au haupo, tangi lina mafuta kiasi gani, moshi ni wa rangi gani au haupo, na limepona vipi. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linalosema mengi. Je, lilipona lenyewe likiwa linakwenda? Lilipona baada ya kuzimwa dakika kumi? Au lilipona mlipofungua kifuniko cha tangi?

Kuna swali jingine la kuandika: lilichoka, au lilikatika? Gari linalochoka hupoteza nguvu polepole, kama mtu anayekosa pumzi. Linalokatika huzimika ghafla kama mtu amezungusha swichi, pengine likaamka tena kwenye shimo linalofuata. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na wanaoyachanganya hupoteza pesa.

Injini ya dizeli inataka nini

Mjerumani Rudolf Diesel alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ikapimwa mjini Augsburg ikaonekana inafaa. Wazo lake halikubadilika mpaka leo. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Hewa huingia kwenye silinda na kubanwa mpaka nafasi yake ipungue mara 20 na zaidi, ikawa ya moto sana, kisha dizeli hunyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. (Zile plagi za kupasha moto ni za kusaidia kuwasha asubuhi. Injini ikishashika, nguvu ya njiani haitoki huko. Basi anayekuuzia plagi hizo kwa ajili ya mlima wa Mazeras, mshukuru na uende zako.)

Kwa hiyo injini hii inadai vitu vitatu: hewa ya kutosha, dizeli ya kutosha, na silinda zinazobana vizuri. Silinda zilizochakaa hazichakai Jumatatu zikapona Jumanne. Gari lenye ugonjwa huo huwa dhaifu siku zote na husumbua kuwaka asubuhi. Kwa ugonjwa wa vipindi, tafuta kwanza kwenye hewa na dizeli, na hasa dizeli.

Kisa cha pikapu ya samaki

Kuna kikundi cha kina mama, pamoja na vijana wachache, wanaonunua samaki alfajiri Bandari ya Kale, wanapakia na barafu, na kupeleka Mazeras, Rabai mpaka Kaloleni. Pikapu yao ni ya dizeli, ya miaka mingi. Ndani ya Mji wa Kale haikuwa na shida hata kidogo. Ndia Kuu huwezi kwenda mbio hata ukitaka, maana mkokoteni uko mbele na watoto wa madrasa wako pembeni. Makupa inapita, Kibarani inapita, Changamwe inapita. Ikianza kupanda kuelekea Mazeras, haivuti. Gia ya tatu, ya pili, halafu inazimika. Dereva anaegesha, kina mama wanashuka, barafu inayeyuka. Baada ya dakika kumi inawaka na kwenda kama haikuwa na neno.

Wanachama wakaanza kusema. "Hiyo gari haina ugonjwa, ugonjwa ni dereva." Wengine walidai anauza dizeli na kujazia mafuta ya taa. Mwingine alisema huzima makusudi apate kupumzika. Dereva, mtu mzima mwenye watoto, alikaribia kuweka funguo mezani na kuondoka. Wakati huo filta ilikuwa imebadilishwa mara mbili, nozeli zimepimwa, na fundi wa pili alikuwa amesema pampu ya dizeli imekufa. Akiba ya miezi minane ilikuwa tayari kutolewa benki.

Tulipoitwa kwenye kikao hatukuwa na ufundi wa gari wa kuwaonyesha. Tuliomba kitu kimoja: pampu isubiri wiki mbili, na daftari liingie ndani ya gari, likiandikwa na dereva na mama mmoja aliyekuwa na shaka naye zaidi kuliko wote. Wakaandika safari tisa. Daftari likasema hivi. Ilichoka mara sita, zote ikiwa na mzigo na ikipanda. Kurudi tupu, haikuchoka hata mara moja. Mara zote sita ilikuwa imekwenda zaidi ya nusu saa. Moshi haukuonekana. Na mara zote ilipona kwa kuzimwa na kungojewa.

Tusome hayo pamoja. Injini inapopanda na mzigo hunywa dizeli nyingi. Hapo ikachoka bila moshi mweusi. Maana yake haikukosa hewa, ilikosa mafuta. Inapozimwa inapona, maana yake kuna kitu kinachovutwa mpaka kikaziba njia, na mvuto ukikoma kinaachia na kudondoka. Pampu mbovu haiponi kwa namna hiyo kwa dakika kumi tu mara sita mfululizo. Kitu kinachotembea huko nyuma kwenye tangi ndicho chenye tabia hiyo.

Fundi wa tatu, kijana wa juakali, alikubali kulisikiliza daftari. Alifanya kipimo ambacho tunataka kila kikundi kikijue. Alichukua mtungi safi wenye lita kumi za dizeli, akaufunga kwa kamba imara kwenye karia ya pikapu, juu kuliko filta, akaleta mpira safi kutoka mtungini mpaka mdomo wa filta. Tangi likaachwa nje ya kazi. Wakapakia mzigo na kupanda Mazeras. Ilivuta mpaka juu.

Kipimo hicho kinaigawa njia ya mafuta vipande viwili. Gari likipona kwa mtungi, ubaya uko tangini au kwenye paipu za kuleta mafuta. Likichoka vile vile, ubaya uko kwenye filta au mbele yake. Neno la tahadhari: pampu huvuta dizeli nyingi kuliko inayochomwa, na inayobaki hurudi tangini kwa paipu ya kurudishia, kwa hiyo mtungi huisha haraka kuliko mnavyofikiri. Mpira usiguse bomba la moshi. Na kazi hii ifanywe na fundi, kwa dizeli tu. Petroli isitumiwe kabisa.

Tangi liliposhushwa, ndani mlitoka kutu ya kujaza kikombe, na kipande cha nailoni laini, pengine cha kifuniko cha mtungi wa zamani. Nailoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikivutwa kwenye mdomo wa kunyonyea. Kuosha tangi, mpira mpya na filta ya tatu viligharimu sehemu ndogo ya bei ya pampu. Mama yule mwenye shaka ndiye aliyesoma daftari kwenye kikao, ukurasa kwa ukurasa, na dereva bado yuko kazini.

Fuateni njia ya mafuta

Si kila gari lina nailoni tangini. Lakini njia ni ile ile, na ifuatwe kuanzia nyuma kuja mbele, kutoka kisicho na gharama kwenda chenye gharama.

Anzeni na kifuniko cha tangi. Tangi lazima lipumue. Tundu la hewa likizibwa na vumbi au chumvi, pampu inanyonya na hewa haiingii kujaza nafasi, mwisho dizeli haiji. Gari likichoka, fungueni kifuniko. Mkisikia "fyuuu" ya hewa kuingia na gari likapata nguvu, mmemaliza kazi bila senti moja.

Halafu mipira na klipu. Hapa kuna jambo linalowadanganya wengi. Kutoka tangini mpaka pampu, kwenye magari mengi ya aina hii, mafuta huvutwa, hayasukumwi. Kwa hiyo mpira uliopasuka si lazima udondoshe dizeli. Badala yake unanyonya hewa. Chini ya gari pakavu kabisa, na injini inakosa nguvu. Fundi akate kipande cha mpira mweupe unaopenya mwanga, akiweke karibu na pampu, mtazame injini ikienda. Mkiona mapovu yanapita mfululizo, kuna mahali panavuta hewa. Mpira wa zamani hukauka kwa joto, na klipu zetu za Pwani huliwa na chumvi, kwa hiyo badilisheni vyote viwili pamoja.

Filta ndiyo inayofuata. Kwenye Toyota nyingi kuna pampu ya mkono juu ya filta na skrubu ya kutolea maji chini yake. Fungueni skrubu hiyo, kingeni kwenye chupa ya kioo, muiache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini, na mstari mtauona wazi. Hewa ya kisiwa ina unyevu mwingi. Tangi linalolala nusu tupu hujaa hewa hiyo, usiku inapoa, maji yanatona ukutani na kushuka. Ndiyo kutu ya tangi inavyozaliwa. Kujaza tangi jioni badala ya asubuhi ni dawa rahisi, kama fedha zinaruhusu na kama mnaamini mahali gari linapolala.

Kama gari hukatika badala ya kuchoka, nendeni kwenye waya. Pampu nyingi za aina hii zina sumaku ndogo ya kuzimia, yenye waya mmoja. Umeme ukikatika hapo hata kwa nukta moja, mafuta hufungwa na injini huzima. Waya uliolegea hucheza kwenye mashimo na matuta. Kuukaza ni kazi ya dakika tano, na tumesikia injini zilizofunguliwa nzima kwa ajili yake.

Moshi ukiwa mweusi

Dereva haoni moshi wake mwenyewe. Mpandisheni mtu nyuma, au mtu afuate na pikipiki. Moshi mweusi wakati gari halivuti maana yake dizeli inaingia lakini hewa haitoshi. Toeni filta ya hewa mwangalie. Mbaya zaidi ni mpira wa hewa uliolainika kwa uzee: injini ikisimama uko mzima, injini ikivuta kwa nguvu unajibana kama shavu la mtu anayenyonya, ukiachia unarudi. Huo mtautafuta mpaka mchoke, msipoutazama wakati mtu anakanyaga mafuta.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito, injini ikiwa ya moto, ni dizeli isiyowaka au maji, na hayo mpelekeeni fundi.

Pia hakikisheni kwamba injini ndiyo yenye kosa. Injini ikipiga kelele na gari halikimbii, klachi inateleza. Gari likiwa zito na baada ya safari rimu moja ni ya moto kuliko nyingine, breki imekamata, jambo la kawaida hapa kwetu ambapo chumvi haiachi chuma. Na mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini huku mwingine akitazama mkono wa pampu kama unafika mwisho. Kapeti lililojikunja chini ya pedali limewahi kuitwa pampu mbovu.

Pampu inapostahili lawama

Hatusemi pampu haifi. Huchakaa, na ikichakaa ina dalili zake. Asubuhi gari lina nguvu, likipata moto linachoka, na likizimwa likiwa la moto linagoma kuwaka mpaka lipoe. Sababu ni kwamba dizeli ya moto huwa nyepesi na kupenya kwenye chuma kilicholika. Mtambue tofauti na pikapu ya samaki: ile iliwaka kwa urahisi na kupanda tena injini ingali moto. Baada ya kipimo cha mtungi, filta mpya na mipira kuangaliwa, kama dalili hizo bado zipo, basi pampu ishushwe ikapimwe kwenye mashine. Ipimwe kwanza, ndipo inunuliwe nyingine.

Hapa lazima tuseme juu ya mafuta ya taa. Dizeli huilainisha pampu, na mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vizuri. Kwa miaka mingi yalikuwa bei nafuu kuliko dizeli, na watu walichanganya kwa faida. Ndiyo sababu mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, tamaa ile ipungue. Mama anayepikia jiko la mafuta ya taa alilipa kwa dhambi ya wachanganyaji, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na dizeli yetu sasa huletwa na meli ikiwa tayari. Uchafu mwingi huingia baadaye, kwenye tangi la kituo au kwenye mitungi. Dizeli ya mtungi inayouzwa kando ya barabara kuu ina bei nzuri, lakini hamjui mtungi huo jana ulibeba nini. Chukueni risiti, na mbandike kwenye daftari lile lile.

Usalama

Gari linalochoka ni hatari pia, tusilichukulie kama usumbufu tu. Kibarani una malori nyuma yako. Kwenye ngazi ya feri una watu nyuma yako. Mnakumbuka tarehe 29 Septemba 2019, gari liliporudi nyuma na kutumbukia kutoka feri ya MV Harambee, mama na bintiye wakafa maji. Gari lenye ugonjwa usiojulikana lisipakiwe feri likiwa na abiria, na liwe na jiwe au kigingi cha kuzuia tairi.

Jambo la pili: mtu asiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli inayopimwa. Tairi lina paundi 30 hivi za upepo. Nozeli hufungua kwa paundi 1,500 na zaidi. Dizeli kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano, na tundu linaonekana dogo tu. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu, na aseme wazi kwamba ni dizeli ya nozeli.

Kazi ya kikao kijacho

Wenye gari walipeleke kikaoni. Fungueni filta mkinge dizeli kwenye chupa, wote waione. Chagueni wawili wa kuandika daftari, mmoja asiwe rafiki wa dereva. Kisha jadilini haya: Katika miezi kumi na miwili iliyopita, ni spea gani zilinunuliwa kwa kukisia, na zile za zamani ziko wapi? Nani katika kikundi ana ruhusa ya kusema "nunua"? Na fundi wenu, je, akikuta ubaya ni tundu la kifuniko tu, mtamlipa kwa kuujua, au mtamlipa tu akifungua bolti?

Vikundi visivyo na gari vinaweza kufanya kazi hii kwa pampu ya maji au mashine ya posho. Nyingi zina injini ya dizeli, na huchoka kwa sababu hizi hizi.